Mtaro wa mita 40: kupeleka umeme na intaneti kwenye banda la uani

Umeme wa banda la uani kwa kawaida huanza na waya wa twini wa 2.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) unaochomoza dirisha la jikoni, ukapumzika kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ukapita juu ya bati la choo cha nje na kuingilia kwenye tundu la hewa. Waya wa intaneti huusindikiza, umefungwa nao kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Jua hukausha ganda, upepo husugua waya kwenye ukingo wa bati, na siku moja ya mvua bati zima la choo lina umeme. Hapo ndipo mwenye nyumba anaposema: tuuzike.

Uamuzi ni mzuri, ila waya wa hewani ukichubuka utauona, na wa ardhini utajulikana umeharibika masika yakianza, wakati pavingi zimeshawekwa na maua yameshapandwa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tenganisha vitu viwili: vile utakavyoweza kubadilisha baadaye na vile ambavyo hutaweza. Ruta utabadilisha. Sakiti breka utabadilisha. Unene wa kebo, kina cha mtaro na idadi ya mabomba hutabadilisha bila sururu, na hela iende huko kwanza.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Banda liko mita 40 kutoka kwenye mein swichi ya nyumba. Ndani mna taa nne za LED, soketi za kompyuta na friji dogo, na kompresa ya hosipawa moja. Vyote vikiwaka kwa pamoja tuseme ni ampea 20.

Waya wa ngapi?

Fundi mwenye haraka atasema 2.5 inatosha kwa sababu "inabeba ampea 20". Kubeba itabeba, haitaungua. Kwenye umbali kama huu shida haiko kwenye joto, iko kwenye volti zinazopotelea njiani. Kebo ya shaba yenye ganda la ndani la XLPE hupoteza, kwa kila ampea na kila mita, milivolti 19 ikiwa ni ya 2.5, milivolti 12 ikiwa ya 4, 7.9 ikiwa ya 6, na 4.7 ikiwa ya 10. Namba hizo zimeshajumlisha kwenda na kurudi, kwa hiyo usizidishe mara mbili.

Kwa ampea 20 na mita 40, kebo ya 2.5 inapoteza volti 15.2. Ya 4 inapoteza 9.6, ya 6 inapoteza 6.3, na ya 10 inapoteza 3.8. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo mafundi wengi wa ukanda wetu wamelelewa nazo, zinaruhusu asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vitu vingine. Katika volti 230 hiyo ni volti 6.9 na volti 11.5. Ya 2.5 imeanguka mitihani yote miwili. Ya 4 imefaulu kwa soketi, imefeli kwa taa. Ya 6 imepita kote, na taa nne za LED ndani ya banda hazitaongeza upotevu wa maana.

Sasa ongeza kompresa. Mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya ampea zake za kawaida, kwa hiyo kompresa inayokwenda kwa ampea 6 inaweza kudai 35 kwa muda mfupi wa kuondoka. Kwenye kebo ya 2.5 hizo ni zaidi ya volti 26 zilizopotea ghafla: taa zinafifia, mota inanguruma bila kuzunguka, kisha breka inakata na fundi analaumiwa. Kwenye kebo ya 6 ni volti 11. Na hesabu hii imeanzia 230 kamili, ilhali mtaa ulio mwisho wa laini saa mbili usiku mara nyingi huwa umeshashuka kabla umeme haujafika kwenye mita ya LUKU.

Nunua ya 6. Kama kuna hata ndoto ya mashine ya kuchomelea, nunua ya 10, maana tofauti ya bei kwa mita 40 ni ndogo kuliko malipo ya vibarua wa kuchimba mara ya pili.

Urefu wa kununua si mita 40. Ongeza kushuka na kupanda kila upande, mita moja ya akiba kila mwisho, na kujipinda kidogo ndani ya mtaro. Ukiagiza mita 48 hutajuta. Kabla ya kulipa, pima. Kebo halali ya shaba ya 6 ina takriban omu 3.1 kwa kilomita kwa kila uzi, hivyo ukiunga nyuzi mbili upande mmoja na kupima upande wa pili kwenye mita 48, usomaji uwe karibu na omu 0.3. Maltimita ya bei rahisi haisomi vizuri kiwango hicho, tumia kipimo cha omu ndogo. Ukikuta 0.4 na zaidi, shaba imepungua au si shaba.

Deraya na ethi

Kebo ya kuzikwa ni ile ya deraya, yenye nyaya za chuma zilizozungushwa chini ya ganda jeusi. Twini nyeupe ndani ya bomba la maji si mbadala wake: jembe linapita bomba la plastiki kama linavyopita muhogo. Deraya haizuii jembe tu. Ikifungwa kwenye ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, chuma kinachopenya kitagusa kwanza kitu kilicho na ethi kabla ya kufika kwenye laini, na kinga ya mwanzo wa mzunguko itakata.

Chukua ya kori tatu, yaani nyuzi tatu za umeme ndani ya ganda moja, na uwe macho na rangi. Kebo nyingi za deraya za kori tatu huja na kahawia, nyeusi na kijivu, na hakuna ya bluu wala ya kijani na njano. Lazima uvalishe ncha mikono ya rangi kila upande: kahawia ibaki laini, ya pili ivae bluu iwe nyutro, ya tatu ivae kijani na njano iwe ethi. Hatari iko kwenye mpishano wa zama mbili. Katika rangi za zamani nyeusi ilikuwa nyutro, na katika rangi za sasa nyeusi inaweza kuwa laini. Fundi wa kesho akifungua sanduku lisilo na alama atakisia, na kwenye umeme hakuna nafasi ya kukisia.

Miisho ya kebo hufungwa kwa glendi za shaba nyeupe au njano zinazobana nyaya za deraya kwenye koni yake. Kwa kori tatu za 6 glendi ya namba 20 ndiyo inayokaa vizuri, na ya nje iwe ile yenye mpira wa kuzuia maji. Kati ya glendi na sanduku weka pete yenye tundu la bolti, uvute waya wa ethi hadi kwenye baa ya ethi. Usitegemee rangi ya sanduku la bati kupitisha ethi. Mafundi wengine hukata deraya ikabaki inaning'inia, wakafunga kebo kwa selotepu na kuingiza tu. Hapo umenunua deraya ya bure.

Suala la ethi lenyewe ndilo linaloua watu, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Nyumba nyingi zetu zinategemea fimbo ya shaba iliyochomekwa uani. Tuseme fimbo yako inasoma omu 50, jambo la kawaida kabisa kwenye udongo mkavu. Laini ikigusa mwili wa friji bandani, umeme utakaopita ardhini ni 230 kugawa kwa 50, yaani ampea 4.6. Sakiti breka ya 32 haitajua kama kuna tatizo. Itakaa imewaka mwaka mzima na mwili wa friji ukiwa na umeme. Kinachokata hapo ni RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi.

Zinahitajika mbili, na si za aina moja. Ndani ya banda weka RCD ya miliampea 30 ya kukata papo hapo, ndiyo inayolinda mtu. Kwenye mein swichi, mwanzo wa kebo, weka ya miliampea 100 ya kuchelewa, yenye alama ya S, ilinde mtaro wenyewe. Ukiweka ya 30 pande zote mbili zitashindana kukata, na kila kompresa itakapovuja kidogo utatembea mita 40 gizani kuwasha upya. Na kebo isichukuliwe nyuma ya RCD ya nyumba nzima, la sivyo unyevu wa bandani utazima friji ya jikoni.

Bandani, sanduku la breka liwe na swichi kuu inayokata laini na nyutro kwa pamoja, halafu RCD, halafu breka ya 6 kwa taa, ya 20 kwa soketi, na ya 16 aina ya C kwa kompresa. Aina ya B huruka mota inapoanza. Nyumbani mwanzo wa kebo unatosha breka ya 32.

Kuna desturi ya kujaza chumvi na mkaa kwenye shimo la fimbo ya ethi. Usomaji hushuka kweli wiki hiyo. Kisha mvua inaondoa chumvi na iliyobaki inakula fimbo. Ni bora kuongeza fimbo ya pili umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, na kupima mwezi wa Septemba ardhi ikiwa kavu, si Aprili.

Kazi ya kuunganisha kwenye mein swichi, kwa Tanzania, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati. Kwa Kenya ni leseni ya EPRA. Mtaro unaweza kuchimba mwenyewe.

Kuchimba

Sentimita 60 kwenda chini na 30 upana. Kwa mita 40 huo ni mchanga na udongo wa karibu mita za ujazo 7.2, kazi ya vibarua wawili kwa siku moja au mbili kwenye tifutifu. Kwenye mwamba wa matumbawe wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa usihesabu siku. Kabla ya sururu ya kwanza uliza bomba la maji limepita wapi, na usipite karibu na shimo la maji taka, maana siku litakapozibuliwa chepe litakuja upande wako.

Sakafu ya mtaro itandikwe sentimita 10 za mchanga laini uliochekechwa, kebo ilale, kisha sentimita 10 nyingine juu yake. Jumla ni mita za ujazo 2.4. Usichote mchanga wa ufukweni. Chumvi yake itatafuta mchubuko wowote wa ganda na kuanza kula deraya. Juu ya mchanga panga matofali ya saruji kwa urefu, kama 90 hivi kwa mita 40, au yaliyovunjika yaliyobaki ujenzini. Rudisha udongo bila mawe, na sentimita 20 kabla ya kufika juu tandaza mkanda wa tahadhari wa umeme. Mkanda uliowekwa juu ya kebo yenyewe hauna faida, kwani jembe litauona baada ya kuikata.

Penye njia ya gari kebo ipite ndani ya bomba la PVC la inchi 4, litokeze nusu mita kila upande wa njia. Kona zisiwe kali: kebo ya deraya ya unene wa milimita 17 haitaki mpindo wenye nusu kipenyo kilicho chini ya sentimita 10, na ukiikunja kwa goti nyaya za chuma hufunguka na kutoboa ganda. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ilaze ikijipindapinda kama nyoka, isiwe imenyooka tuli. Udongo huo huvuta.

Halafu kuna mchwa. Mchwa hutafuna ganda laini la PVC, na fuko naye hukata kinachomzuia njia. Dawa ya mtaani ni kumwaga oili chafu mtaroni. Usifanye hivyo. Oili hulainisha ganda la kebo, na baada ya muda umemsaidia mchwa kazi. Mahali penye mchwa wengi, pitisha kebo nzima ndani ya bomba gumu na uzibe miisho.

Intaneti: usivute shaba

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuvuta waya wa mtandao wa shaba, Cat6 wa kawaida, kwa sababu umo ndani ya mita 100 zinazoruhusiwa. Umbali hauna neno. Tatizo ni kwamba umeunganisha majengo mawili kwa shaba nyembamba. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mnazi wa jirani, ardhi ya upande mmoja wa uwanja huruka juu kwa volti nyingi kuliko upande wa pili, na njia rahisi ya kusawazisha ni huo waya wako, ukipitia kwenye tundu la ruta na tundu la kompyuta. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi kuliko karibu kila mahali duniani, hili si jambo la bahati mbaya, ni la msimu. Na ule waya wa kijivu wa ndani ukiuingiza kwenye bomba la ardhini utanyonya unyevu, kwa sababu bomba la ardhini daima hupata maji, hata lile lililofungwa vizuri, kutokana na mvuke unaoganda.

Vuta faiba. Kioo hakipitishi umeme, na habari ya ethi mbili inaishia hapo. Kebo ya faiba ya kuingizia majumbani, ile bapa nyeusi yenye koneka zilizokwisha kufungwa, inapatikana kwa vipimo vya mita 50 na haihitaji mashine ya kuunga. Ina mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, nyingi zina waya wa chuma pembeni wa kuning'inizia kwenye nguzo. Uondoe wote kabla ya kuingiza bombani, maana ukiuacha umerudisha njia ya radi. La pili, koneka ya kijani na ya bluu hazichanganywi. Ya kijani imesuguliwa kwa mshazari, ya bluu imenyooka, na konveta (visanduku vya kila mwisho vinavyounganisha faiba na waya wa mtandao) nyingi za bei ya kawaida zina tundu la bluu. Ukichomeka kijani kwenye bluu inaingia kabisa, ila mwanga unapotea na unaweza kukwaruza uso wa kioo. La tatu ni konveta zenyewe: zile za uzi mmoja huuzwa kwa jozi, A na B. A hutuma kwa nanomita 1310 na kupokea 1550, B kinyume chake. Ukiuziwa A mbili, taa ya umeme itawaka pande zote, ile ya faiba haitawaka kamwe, na utabadilisha kebo nzima bure.

Bomba la faiba liwe la rola, lile jeusi la HDPE la milimita 32, kwa sababu mita 40 zinatoka kipande kimoja bila kiungo. Lilaze ndani ya mtaro uleule baada ya udongo kurudi nusu, kina cha sentimita 35 hivi, ili liwe juu ya umeme kwa karibu sentimita 15 na lifikiwe bila kugusa kebo ya umeme. Ila bomba jeusi la rola kwa fundi bomba ni bomba la maji. Atalikata kwa msumeno akitafuta mvujo. Lifunge selotepu ya rangi kali kila mita mbili na uandike.

Kamba ya kuvutia inapita bombani kwa kufungwa kwenye kipande cha sponji na kusukumwa kwa upepo wa kompresa. Zamani mfuko wa nailoni ulifanya kazi hii vizuri zaidi, hadi ulipopigwa marufuku Tanzania Juni 2019. Vuta faiba kwa kushika ganda lake, si koneka, na uvute pamoja nayo kamba ya pili itakayobaki humo. Bomba la pili tupu la milimita 32 gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mtaro, na siku ukitaka kamera au waya wa geti utalifurahia.

Miisho ya mabomba ipande sentimita 15 juu ya ardhi, tundu la ukutani liwe na mteremko wa kutoka nje, na kila mdomo uzibwe kwa silikoni au povu. Usipoziba, siafu wataingia hadi ndani ya konveta, na nyoka naye hupenda bomba kavu. Umeme ukikatika, konveta ya bandani inakufa hata kama ya nyumbani ina betri. Kila upande uwe na betri yake ndogo.

Kabla ya kufukia

Pima mara tatu: kebo ikiwa bado kwenye rola, ikiwa imelala mtaroni, na baada ya kufukia. Mega, kipimo cha uzima wa ganda la waya, iwe ya volti 500, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, upime kati ya kila kori na mwenzake na kati ya kila kori na deraya. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, lakini kebo mpya inayosoma chini ya 100 imeshaingiwa na maji au imechubuka. Irudishe kabla mchanga haujamwagwa. Rola iliyokaa dukani ncha zake zikiwa wazi hunyonya maji kupitia uzi, hivyo kata nusu mita ya kwanza uitupe. Pima pia kwamba deraya imeendelea bila kukatika kutoka glendi moja hadi nyingine, na bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD zote mbili.

Mwisho, mtaro ukiwa bado wazi, tandaza futi kamba pembeni yake na upige picha kila mita tano, ukutani uonekane. Chora ramani yenye vipimo kutoka kona mbili za nyumba, siyo kutoka mpapai, ambao mwakani utakuwa umekatwa. Nakala moja ibandike ndani ya mlango wa sanduku la breka la nyumbani, nyingine bandani, na juu yake andika unene wa kebo, tarehe, na kina.